Rekodi ya Siku ya Msiba

Hakuna bendi Unguja iliyopiga makelele kutushinda. Nasema bila ya kuona haya, kwa sababu bendi ya muziki wa panki ilikuwa moja tu, nayo ni yetu: mimi na gitaa na sauti yangu ya kukwaruza, rafiki yangu kwenye besi, na binamu yangu kwenye ngoma. Tulifanya mazoezi chumba cha uani, kwetu Kikwajuni. Miaka miwili ikapita hatujarekodi hata wimbo mmoja, maana kila tukitaka kuanza mimi nilisema bado.

Kisha binamu akapata kazi ya udereva Muscat. Tukapanga kurekodi Alhamisi, Ijumaa asubuhi apande ndege. Alhamisi hiyo hiyo, alfajiri, akafariki jirani wa ukuta kwa ukuta.

Tungeweza kuhamia kwa mtu Mbweni, nje ya mji, lakini jirani akifiwa wanaume huzika, kisha hurudi kukaa msibani, na asiyeonekana atasemwa mpaka achoke. Redio huzimwa mtaa mzima. Baada ya maziko wenzangu wakapata upenyo kabla ya magharibi, wakaingia chumbani na kanzu zao. Mama akasimama mlangoni.

"Nikisikia kitu nje ya mlango huu, gitaa nnalitia jikoni liwe kuni."

"Hutosikia, shangazi," binamu akamjibu. Mama alipoondoka akanigeukia mimi. "Nikenda bila ya wimbo hata mmoja, nani atajua kama na mie nilikuwemo?"

Nikamwambia aniachie mimi. Spika nikazizima, gitaa na besi vikabaki nyuzi tupu. Ngoma nikazisukuma pembeni, nikampa mto wa usufi aupige kwa fimbo zake. Mimi niliyezoea kupayuka nikaimba kwa mnong'ono, simu ya kurekodia nimeiegemeza mbele ya mdomo wangu. Tulirudia mara mbili tu. Jasho lilikuwa likimtiririka binamu, anacheka bila ya kutoa sauti, na mimi nilijua pale pale kwamba tumepata kitu. Nilifurahi mno.

Sikukosea. Wimbo ulienea simu kwa simu, tukaitwa mahotelini, tukaitwa Dar es Salaam. Watu wakasifu ujasiri wetu: panki ya kunong'ona, gitaa na besi, bila ya ngoma! Redioni nikaulizwa wazo lilitoka wapi, nikasema kichwani mwangu, nikaeleza kwa kirefu.

Wiki ile binamu akapiga simu kutoka Muscat. Nilidhani ananipongeza.

"Nimewapigia wenzangu wimbo garini," akasema. "Nikawambia, huyo ndiye mie, sikilizeni. Wakasikiliza mpaka mwisho. Wananiuliza, wewe uko wapi humu?"

Mimi niliyekuwa na jibu kwa kila mtangazaji nikamwambia mtandao mbaya, simsikii, nikakata simu.