Kaburi Lililopisha Reli

Tawi la reli lililoishia kwenye maghala ya pamba ya zamani, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka kwetu Shishiyu, lilikuwa limebaki jina tu. Pamba ilikuwa inabebwa na malori. Treni ilikuja siku ikijisikia, ikashusha mama mmoja na kuku wake, ikarudi ilikotoka. Kwa hiyo iliposemwa kwamba reli hiyo itarefushwa, ipite kwetu mpaka Bariadi, wengi tulicheka. Baba hakucheka.

Wapimaji walikuja wakati wa likizo. Mimi nafundisha Nyalikungu, na nilikuwa nyumbani kumsaidia mama kuvuna mahindi. Walisimamisha darubini zao za miguu mitatu, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu kutoka barabarani, kupita nyuma ya jiko letu, mpaka kwenye kaburi la mdogo wangu. Alizama kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe akiwa hajaanza hata shule.

Mkubwa wao, kijana mwenye adabu, alivua kofia.

"Mzee, hapa kuna kaburi. Mchoro bado haujapitishwa. Kama familia haitaki, tunaweza kusogeza mstari, upite kwa jirani."

"Sogezeni," mama alisema kutoka mlangoni mwa jiko.

Baba akageuka. "Nani amekuuliza wewe?" Kisha akamwambia kijana, "Pitisheni hapa hapa. Kaburi nitaliondoa."

Baba na jirani huyo walikuwa wakigombania mpaka wa shamba tangu mimi mdogo. Jioni mama alipiga magoti mbele ya kiti cha baba.

"Baba watoto, mwache mtoto alale."

"Mtoto gani? Ule ni udongo. Unataka kituo kijengwe mlangoni kwa yule mtu, mimi niwe nachungulia treni kwa mbali?"

Nikasema, "Baba, hata kituo chenyewe hawajakiahidi."

Akaniangalia. "Mwalimu, wa kwako ukimzaa utampangia pa kulala."

Alijua nimeachika kwa sababu ya kukosa mtoto. Mama akainuka.

Siku ya kufukua walikuja bwana afya na mwenyekiti wa kijiji. Baba aliamuru wanawake wabaki ndani. Mama alikataa, akakaa chini pembeni ya kaburi. Ndipo baba na mdogo wake wakamshika mikono, wakamburuta mpaka stoo ya mahindi, wakafunga kwa kufuli. Hakupiga kelele. Nilisimama nje ya ule mlango nikamsikia akimwita mdogo wangu kwa jina, taratibu, kama anamwita aje kula.

Mifupa ilikuwa michache. Baba aliinama juu ya shuka walipoiweka.

"Mbona kidogo hivi? Mngeniambia nilete ndoo."

Baba mdogo akacheka. Bwana afya akasema, "Mzee, heshima jamani." Baba akamjibu kwamba heshima wataifanya wakimaliza. Katekista alikuwa bado njiani, hawakumngoja. Walimzika mdogo wangu karibu na zizi, bila sala, wakaja kufungua stoo.

Mama hakuuliza wamemweka wapi. Alichukua jembe, akaenda kwenye shimo lililobaki wazi, akalifukia peke yake mpaka jua likazama. Tangu siku hiyo hakumsemesha baba tena. Alimpikia, akamfulia, akamwekea maji ya kuoga, mdomo umefungwa.

Vigingi vilikaa misimu kadhaa ya pamba, ng'ombe wakijikuna navyo. Kisha mtendaji wa kijiji akatangaza mkutanoni kwamba reli hairefushwi. Ile iliyopo haina watu, alisema, nani ataongeza nyingine? Watu waliangua kicheko, na jirani yetu akauliza kwa sauti, "Mwenye kituo, treni ya leo imechelewa?" Baada ya hapo watoto walimwamkia baba hivyo hivyo njiani. Akaacha kwenda hata gulioni.

Kiharusi kilimpata akiwa zizini. Niliporudi nyumbani nilimkuta amelala kwenye mkeka, mdomo umepinda, mkono wa kulia haunyanyuki. Mama alikuwa kando yake anachambua choroko. Baba alitoa sauti, akionyesha mtungi wa maji kwa macho. Nikainuka.

"Kaa," mama akasema.

Nikakaa. Aliendelea kuchambua, akatupa mawe, akapeta, akapeta tena, mpaka ungo mzima ukawa safi. Baba alikuwa ananitazama mimi, machozi yanamtoka jicho moja. Nilitazama chini. Mama alipomaliza ndipo akampa maji, na alimpa taratibu, akimshikia kichwa vizuri kabisa.

Aliishi hivyo mpaka mvua za kwanza, akafa. Baba mdogo alitaka azikwe karibu na zizi, kando ya mtoto wake.

"Hapana," mama alisema.

"Shemeji, ni baba yake."

"Alimtoa alipokuwa amelala. Asimfuate."

Wanaume walitazamana. Wakachimba upande wa pili wa shamba, mbali.

Waombolezaji walipoondoka, mama alinawa, akala ugali na mlenda mpaka sahani ikawa nyeupe, akaomba aongezwe. Nikamsogezea sahani yangu, sikuwa nimeigusa.