Insha ya Pete na Chanda

Tangu darasa la kwanza waliitwa Pete na Chanda, maana mwalimu akimwita mmoja, waliinuka wawili. Pete, binti wa fundi cherehani, alijaliwa kinywa. Chanda, binti wa dereva wa lori, alijaliwa kichwa cha kushika mambo. Mmoja alisoma kwa sauti, mwenzake akakariri, kisha wakabadilishana. Hivyo ndivyo walivyofaulu mitihani yote, na chuo kikuu wakaingia pamoja: chumba kimoja, sufuria moja, ndoo moja.

Chuoni hakukuwa na cha kukariri. Mhadhiri wao, mama mwembamba asiyepandisha sauti, aliwapa swali la mstari mmoja: kwa nini watoto wa mafundi hawarithi ufundi wa wazazi wao?

"Nendeni mkatafute," alisema. "Sitaki nilichosema mimi. Nataka unachofikiri wewe, na ushahidi wake."

Chanda alizunguka maktaba kama kuku mgeni mwenye kamba mguuni. Kila mwandishi alimpinga mwenziwe, na kila mmoja alionekana ana haki. Akamrudia Pete. Wakaketi kitandani kama walivyozoea, wakabishana, wakacheka, wakampigia simu mama yake Pete.

"Mimi ndiye niliyemkataza huyo kugusa cherehani," mama alisema. "Macho yangu yanatosha kuharibika."

Wakafurahi kama waliookota dhahabu. Kila mmoja akaandika insha yake kwa mkono wake, mgongo kwa mgongo.

Baada ya kuzisahihisha, mhadhiri akawaita ofisini na kuziweka insha mbili mezani.

"Hoja zilezile. Mfano uleule. Hata mzaha ni uleule. Nani kaandika, na nani kanakili?"

Chanda alifungua mdomo aseme "sisi". Pete akamtangulia.

"Ni yangu, Dokta. Mwenzangu hunitegemea tangu utotoni."

Chanda alimtazama aone kama anatania. Pete alikuwa akitazama viatu vyake. Kilichomchoma Chanda zaidi hakikuwa uongo wa maneno yale. Ni kwamba hakuwa na hakika kama ni uongo.

Akapewa sifuri, na nafasi moja ya kuandika insha nyingine.

"Niliogopa," Pete alisema walipofika chumbani. "Wangetufukuza sote, dada'angu."

"Basi tungefukuzwa sote."

Wiki ile Pete alihamia chumba kingine. Sufuria akaiacha.

Swali jipya la Chanda lilihusu wafanyakazi wa safari ndefu na familia zao. Alikaa mbele ya karatasi tupu, na kila alipoandika sentensi alisita, akingoja ile "Wee, hapo umedanganya!" ya Pete. Haikuja. Ikabidi ajipinge mwenyewe. Akaenda kwenye maegesho ya malori kuwahoji madereva. Akampigia baba yake, wakazungumza juu ya miaka aliyokuwa hayupo nyumbani, jambo ambalo hawakuwahi kuligusa. Akarudi maktaba, na kwa mara ya kwanza akathubutu kuandika kwamba kitabu fulani kimekosea, na sababu akazitoa.

Mhadhiri alimrudishia insha ile akitabasamu. Ilikuwa na alama za juu kuliko zote darasani.

"Hii ni yako," alisema. "Na ile ya kwanza? Niambie kweli, ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yetu, Dokta."

Mama yule alivua miwani. "Pole, mwanangu. Chuo hakina alama ya 'yetu'."

Nje, Pete alikuwa amesimama na wenzake mlangoni pa kantini. Macho yao yakakutana. Pete akainua mkono nusu, kama mtu asiye na hakika kama anajulikana.

"Hujambo?" Chanda alisema.

"Sijambo. Wewe?"

"Sijambo."

Akapita. Alikwenda moja kwa moja hadi nyuma ya bweni, kwenye kamba za kuanikia nguo, akalia pale, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumuuliza kulikoni.