Nilimwambia kijana wa watu kwamba kwenye kikosi hayumo

Basi yule kijana ndiyo kaondoka hivyo, na aliyemwondosha ni mimi. Kocha anasema katoroka kambi. Hakutoroka. Naomba mnifichie jina, maana hii gesti ya Mikumi ninayopikia inajulikana. Hata hapa mimi nasema tu, anayebonyeza simu ni binti wa mapokezi, shule sikukanyaga. Baba yangu alikuwa mtu wa reli kule Kilosa, akasema msichana akijua kusonga ugali wa watu wengi hatalala njaa. Kweli, sijalala. Umri wangu wajukuu wanasema sabini na kitu, wanajua wenyewe.

Sasa hawa wachezaji. Ni timu ya mpira wa kikapu, ile ya kulipwa mshahara, siyo ya kujifurahisha. Walikuja kuweka kambi hapa, mazoezi wanafanya uwanja wa shule. Warefu hao! Vitanda viliwashinda, tukawatandikia magodoro chini. Walikuja wengi, kocha anawachuja mpaka wabaki kumi na wawili wa kuondoka nao kwenye ligi. Wengine warudi kwao.

Mimi na mlinzi wetu, mzee mmoja mtani wangu, tukawa kila siku tunabishana nani atabaki. Mlinzi anaangalia nani anafunga. Mimi mpira siujui, lakini watu nawajua. Yule anayefokewa na kocha kutwa, huyo anabaki. Anayeambiwa "vizuri, vizuri" anaondoka, kocha hapotezi sauti kwa mtu asiyemtaka. Na kingine, kocha akishaamua kumwacha mtu, jioni anapita jikoni ananiambia kesho fulani usimpikie, ili chakula kisiharibike. Mwenyewe anaambiwa asubuhi. Kwa hiyo nikawa najua kabla ya wote. Nilipatia, nikapatia tena, nikaota mapembe. Wachezaji wenyewe wakawa wanakuja jikoni, "Bibi, mimi je?" Nacheka, nawaongezea maharage. Maharage ya Kisanga yale, yanaiva bila magadi.

Alikuwepo kijana mmoja, tumwite Masanja. Wazazi wake ni wafugaji waliohamia Malolo kutoka kule kanda ya ziwa. Mpole, akikuamkia shikamoo anainama mpaka unamwonea huruma mgongo wake. Baba yake alimwambia, "Nenda na huo mpira wako wa kutupa kwenye kapu. Wakikukataa, urudi kwenye ng'ombe na nisisikie tena habari hizo." Aliniambia mwenyewe akiwa ananimenyea vitunguu.

Kocha hakuwahi kumfokea. Nikamwambia mlinzi, huyu anaondoka.

"We mama umeanza kutabiri kwa mwiko," mlinzi akasema. "Masanja akiondoka, mimi hili koti la ulinzi nakupa uvae wewe."

"Litanikaa vizuri kuliko wewe."

Wasichana wa jikoni wakacheka. Mimi lile neno la mlinzi likanikaa moyoni.

Juzi jioni kocha kapita. "Mama, Masanja kesho asubuhi usimwandalie kitu. Hata chai." Nikaitikia. Sikuuliza. Ningeuliza neno moja tu, jamani! Nilimfuata Masanja bombani anafua soksi. Wanaonisikia wataona nilimwendea kwa huruma, asije akaaibika mbele ya wenzake. Huruma ilikuwepo. Lakini nisiwadanganye, furaha nayo ilikuwepo. Nilikuwa natembea namfikiria mlinzi na koti lake.

"Mwanangu, jikaze. Kesho humo."

Akaniangalia. "Kocha kasema, bibi?"

"Kaniambia nisikupikie. Nimewahi kukosea mimi?"

Akakamua zile soksi, akazikunja mbichi hivyohivyo. Akasema, "Asante bibi, bora nimejua kwako." Jua halijazama akasimamisha lori la kuelekea Iringa, ashuke kwenye njia ya kwao. Hakumuaga mtu.

Asubuhi gari linanguruma, kocha anazunguka vyumbani. "Masanja yuko wapi? Nampeleka hospitali kupimwa damu, ndiyo maana nikasema asile kitu! Huyu nilikuwa nataka asaini mkataba wa kwanza kabla ya wote!" Mwiko ulinitoka mkononi ukazama kwenye uji.

Mlinzi akasema alimwona akipanda lori na begi lake. Kocha akakasirika. "Mtu anayekimbia kambi simbembelezi. Sikumfokea hata siku moja kwa sababu alikuwa hakosei, kumbe nidhamu hana!" Na mimi nimesimama pale pale. Nikazoa uji uliomwagika. Mlinzi akaniambia taratibu, "Umekosea, mtani, kijana alikuwa anapita," wala hakucheka, na hajui ni mimi.

Binti wa mapokezi kapiga simu ya Masanja tangu jana, haipatikani, huko machungani mtandao wa shida. Tajiri wa gesti alishatukataza kutoa maneno ya wageni nje ya jiko, akisikia ananifukuza, na nyumbani wanaokula kwa mkono wangu ni wengi. Lakini kila nikifumba macho namwona yule baba anamwambia mwanawe, si nilikwambia? Na mtoto hata hana la kujitetea, anaamini alikataliwa.

Timu inaondoka leo. Nafasi yake nasikia kapewa mwingine, kama bado haijaandikwa sijui. Nikisema, nimekosa kazi na labda yeye asirudishwe. Nisiposema, nitapika vipi? Nyie wenye akili zenu mnaosoma ukurasa huu, nishaurini, nifanye nini mimi mwanamke mzima ambaye mdomo...

Nani huyo? Abee! Kocha? Anataka kuniaga? Hebu acha kubonyeza, binti, nipishe nipite. Mwambie asiwashe gari. Mwambie bibi anakuja, ana neno!