Baiskeli Isiyokuwapo

Kwa miaka arobaini Hajarah aliwaambia watu kwamba aligongwa na baiskeli. Mimi niliisikia habari hiyo mara ya kwanza mwaka 1998, nilipovuka mpaka kutoka Bungoma na marobota yangu ya mitumba, nikapanga chumba kando ya chake pale Namakwekwe, mjini Mbale. Baiskeli ilikuwa nyeusi. Ilikuwa imebeba mikungu minne ya ndizi, ikiteremka mlima bila breki, na yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi aliyesimama njiani. Kila mwaka iliongezewa kitu. Mara mwenye baiskeli alikuwa mlevi, mara alikuwa shemasi wa kanisa. Siku moja nilimwambia, "Dada, hiyo baiskeli yako sasa inataka leseni." Alicheka mpaka akajishika kiuno.

Jina langu ni Orpah, ila mtaani naitwa Mama Wasike. Mimi si mtu wa kunyamaza, na Hajarah alinijua hivyo aliponiruhusu niyaandike haya.

Alikuwa fundi wa nguo. Alishona kanzu za Idi, magomesi ya harusi, yale magauni marefu yenye mabega yaliyochongoka, na sare za watoto wa wafanyakazi wa mtaa wa Nkoma, wale ambao mama zao huja na bodaboda na kusimama mlangoni wakitazama saa. Cherehani yake ya kukanyaga aliikanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, kwa maana wa kulia ulikuwa mfupi kidogo na ulichechemea. Mumewe, Asuman, alikufa bila kumwachia mtoto. Kwa hiyo mguu ule mmoja na cherehani ile ndivyo vilivyomlisha.

Mwaka 2018 nyonga ya kulia ilianza kumuuma. Mwanzo alikunywa vidonge, baadaye akatumia mkongojo, mwishowe hakuweza hata kukaa kitini robo saa. Picha ilionyesha kwamba kichwa cha mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, kilikuwa kinakufa. Mfupa ulikuwa haupati damu, ukaanza kubonyea. Daktari wa Mbale akasema yupo daktari wa mifupa Jinja, Kirunda, ambaye kwenye kliniki yake anajaribu kuuokoa mfupa kabla haujaporomoka kabisa.

Niliposikia Jinja nilifurahi, si mbali. Hajarah alikaa miezi minne akitoa visingizio. Tulipokwenda hatimaye, tulipopita Bugembe, karibu kuingia Jinja, alivuta mtandio ukafunika uso wote, na mimi nikadhani ni vumbi la barabara. Laiti ningeuliza siku hiyo.

Daktari Kirunda alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Akiwa na Hajarah peke yake angezungumza Kisoga, lugha ya Jinja, lakini kwa ajili yangu alijikaza kwa Kiswahili, na ilionekana wazi hakipendi.

"Nyabo, hii kazi iko hivi," alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Tunatoboa mfupa ya kiuno, tunatoa uboho kidogo, ile laini ya ndani. Ndani ya uboho iko seli, zile zinajenga mfupa na damu. Mashine inazikusanya. Halafu tunatoboa hii mfupa yenye nakufa, tunaziweka ndani. Kama Mungu akisaidia, mfupa inaamka."

Nikauliza, "Na kama hasaidii?"

Alinitazama, nikaona kwamba ameheshimu swali. Alisema wengine wamepata nafuu na wengine wameishia kubadilishiwa nyonga vilevile, na hata wataalamu wakubwa bado wanabishana. Mfupa ukitobolewa unaweza kuvunjika. Vidudu vinaweza kuingia na sindano. Akasema wapo watu mijini wanaouza sindano za seli bila kujua zimetoka kwa nani, wakiahidi kuponya kila kitu, na tuwakimbie hao. Kisha akaweka kalamu chini.

"Kitu yenye naogopa sana ni moja. Kama ndani ya mfupa iko vidudu vya zamani, vimelala, mimi nikitoboa nitaviamsha. Sasa niambie. Hii mguu ilipata kutoa usaha? Ilipata risasi? Hii kovu ni ya nini?"

"Baiskeli, daktari," alisema Hajarah.

Daktari aliuliza mara tatu, kwa njia tatu. Alionyesha kwenye picha mahali ambapo mfupa wa paja ulikuwa mnene kama fundo la muwa. Mara zote tatu ilikuwa baiskeli, na safari hii hata rangi yake hakuitaja. Vipimo vya damu havikuonyesha jambo kubwa. Tukapewa siku.

Siku yenyewe tulifika mapema. Muuguzi, binti mmoja aitwaye Nangobi, alimvika gauni la kijani, akamlaza, akaenda kuandaa vyombo. Tukabaki wawili. Hajarah alikuwa anatokwa jasho mpaka mto umelowa. Nilidhani ni woga wa sindano, nikamtania kwamba mwanamke aliyechomwa na sindano za cherehani maisha yake yote haogopi moja ya hospitali.

"Mama Wasike," alisema, "apa kwanza kwamba hutasema kwa mtu."

Nikaapa, haki ya Mungu, kwa upumbavu wangu. Pilipili usiyoila yakuwashiani? Lakini nilitaka kujua.

"Hakuna baiskeli," alisema.

Baba yake, Magidu, alikuwa mpishi katika kambi ya jeshi wakati wa serikali ile ya kijeshi iliyokuwa ikikamata watu. Walikaa Bugembe. Mwaka 1979 vita vya kuiangusha vilipofika Jinja, wanajeshi wakakimbia na watu wa mpishi wakakimbia nao, kwa maana kila aliyekula mkate wa kambi alikuwa anatafutwa, na Mwislamu, wa dini ya mtawala yule, ndiye aliyetiliwa shaka kwanza. Barabarani risasi zililia. Moja iliingia mbele ya paja la Hajarah ikatokea nyuma. Nani aliipiga, mpaka leo hajui. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka wakapata lori, na ndani ya lori, damu bado inachuruzika, alimwambia: "Mtu akikuuliza, ni baiskeli. Ukisema risasi watauliza risasi ya nini, halafu watauliza baba yako alikuwa nani."

Hospitali hawakuthubutu kwenda. Mzee mmoja wa kuunga mifupa, kule milimani juu ya Mbale, ndiye aliyemfunga kwa vijiti na majani. Paja lilitoa usaha miaka miwili, na ndani ya usaha vipande vya mfupa vikitoka kama punje za mahindi. Halafu likafunga. Serikali zikapita, moja baada ya nyingine, mji ukatengemaa, wengine wakarudi makwao, mama akafa. Baiskeli ikabaki.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Usaha ulitoka mara ya mwisho lini?"

"Mwaka Asuman alikufa. Kidogo tu. Nilifunga na kitambaa."

Ilikuwa miaka sita nyuma. Yale maneno ya daktari kuhusu vidudu vilivyolala yalinirudia yote, na mimi si msomi lakini kuelewa naelewa. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, amwite daktari sasa hivi.

Alinishika mkono akanibana hadi nikaumia. "Wewe hujui huyu ni nani. Kirunda wa Bugembe, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba yake alichukuliwa na wanajeshi, akapelekwa kambini, hakurudi. Nilisikia mama yake akilia, tukiwa tunakula. Na chakula tulichokula kilitoka kambini. Sasa nimwambie mimi ni mtoto wa mpishi, halafu nilale hapa, anichome sindano na mimi sina fahamu? Hapana, Mama Wasike. Heri vidudu."

Kabla sijajibu Nangobi aliingia na mwenzake, wakakisukuma kitanda. Magurudumu yalilia ukumbini. Hajarah alinitazama mpaka mlango ukafungwa, na midomo yake ilikuwa inasoma dua.

Nimeogopa mara nyingi maishani. Nimeogopa askari wa mpakani, nimeogopa kipindupindu mtaani. Lakini pale kwenye benchi niliogopa kuliko siku zote hizo. Nikisema, nimevunja kiapo mbele ya Mungu, na pengine daktari kweli ana kisasi, binadamu hana alama usoni ya kilichomo moyoni. Nikinyamaza, wanamtoboa. Nilihesabu vigae vya ukuta. Nilisimama, nikakaa. Nilisikia mashine fulani ikianza kunguruma mle ndani, na hapo miguu ilinibeba bila kuniomba ruhusa.

Nilisukuma mlango. Walikuwa wamemlaza ubavu, mgongo uko wazi umepakwa dawa ya rangi ya kahawia, na daktari ameshika sindano ya ganzi.

"Ngoja!" nilipiga kelele. "Daktari, ngoja!"

Nangobi alinirukia, "Nyabo, toka! Hapa huingii na viatu!"

"Sitoki," nilisema. "Hajarah, nimeapa, na kiapo changu nakiheshimu. Sema wewe. Usiposema sasa hivi, nitasema mimi, na Mungu atanihukumu baadaye."

Sindano ilikuwa bado juu. Hajarah alikuwa ametugeuzia mgongo sote, akiutazama ukuta, na ndivyo alivyosema, kwa ukuta.

"Ilikuwa risasi, daktari. Ilitoa usaha. Miaka mingi. Na miaka ya karibuni pia."

Kirunda aliishusha sindano kwenye sinia taratibu sana. Akauliza miaka mingapi, vipande vya mfupa vilitoka au havikutoka, mara ya mwisho lini, tundu lilikuwa wapi. Akabonyeza paja kwa kidole, mahali baada ya mahali, na alipofika sehemu moja ya ndani Hajarah alishtuka. Uso wa daktari ulibadilika.

"Nyabo," alisema, "mimi ningetoboa hapa. Vidudu vingeingia ndani ya nyonga, vingeingia kwa damu. Hii mguu ingekatwa. Au wewe mwenyewe ungekufa, mikononi yangu." Alimfunika mgongo kwa shuka. "Leo hakuna kazi. Tutapiga picha ile kubwa, tutachukua usaha tupime. Dawa utakunywa miezi mingi. Hizo seli, labda mwaka kesho. Labda hapana kabisa. Mimi sitadanganya."

Nangobi alianza kufunika vyombo. Nilidhani yameisha, nikashukuru Mungu kimoyomoyo, maana swali la risasi ya nini halikuulizwa. Lakini Kirunda alimwambia binti atoke na mwenzake. Kisha akashusha barakoa.

"Risasi, ya mwaka gani?"

"Sabini na tisa."

"Ilikupatia wapi?"

Hajarah aligeuka kwa shida, akalala chali, akamtazama. Alikuwa amechoka kuogopa, hilo niliweza kuliona, ingawa mimi nilikuwa bado naogopa kwa niaba yake. "Njia ya kutoka Bugembe. Mimi ni binti ya Magidu. Alikuwa mpishi kwa kambi."

Lile sinia lilikuwa karibu na mkono wa daktari, na Mungu anisamehe, niliiangalia ile sindano. Daktari hakuigusa. Alisimama tu, mikono yake ndani ya glavu ikining'inia.

"Yule mpishi," alisema mwishowe, "alikuwa napelekea chakula wale wenye wamefungwa?"

"Alikuwa anapeleka."

"Baba yangu alikula?"

Hapo nilimwomba Mungu Hajarah adanganye. Mwanamke aliyeweza kuitunza baiskeli miaka arobaini, ingemgharimu nini kusema ndiyo, alikula, alikula akashiba? Nilimkazia macho. Neno moja tu, dada.

"Sijui, daktari," alisema Hajarah. "Sufuria zilikuwa zinarudi tupu. Nani alikula, baba hakutuambia."

Kirunda aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea salamu. Alivua glavu moja, akashindwa kuivua ya pili, akakaa ukingoni mwa kitanda, na mimi nikatoka nje, kwa maana mwanamume yule alikuwa analia.