Redio, Mayai na Ulimi Wangu

Siku niliyoona aibu kuliko zote, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyooa. Nakuandikia habari zake kwa sababu mjukuu wangu wa darasa la tano, hapa Kitendaguro, ameanza, kama wewe, kufundishwa kompyuta shuleni, na ile akili mnemba inayojibu watu kama imezaliwa. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sasa nasikia na mashine imeota za kwake. Sawa. Nimefurahi kuliko wanavyodhani, ila kuna jambo moja nataka mlijue kabla hamjaenda mbali.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa kijana kwetu Kagoma, Muleba. Shule niliishia darasa la tatu. Mbuzi wa baba walihitaji mchungaji, na mimi, nisiseme uongo, nilihitaji sababu. Lakini Kiswahili nilikishika kwa kuzurura na wachuuzi wa samaki wa Bumbire, na Kiswahili kikanipa cheo. Kijiji kililetewa redio moja, tukaundiwa kikundi cha kuisikiliza. Kila Jumatano mchana watu walijaa ghala la kahawa, wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye nyasi. Redio inasema Kiswahili, wazee wengi wanajua Kihaya tu, basi mimi nasimama katikati nawafasiria. Nilikuwa naziota betri hata usingizini. Zikichoka naanika juani, zinapona kidogo, kama wagonjwa.

Jumatano moja kipindi kilihusu mama wajawazito. Dada yangu Koku alikaa mbele kabisa, tumbo likiwa na miezi sita. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla ya hiyo, na kila mtu pale alijua. Redio haijafika mbali, akanyoosha mkono akaiuliza yenyewe, kwa heshima ya Kihaya:

"Waitu, na sisi ambao watoto hawakai, tule nini?"

Watu wakacheka. Redio ya siku zile ilisema tu, haikusikia. Lakini kwa bahati ikajibu kama imemsikia: mjamzito ale samaki, kuku, mayai, asizuiwe na mila.

Kwetu wakati huo mwanamke hakula kuku, wala yai, wala senene, wale panzi wetu watamu. Senene alikwenda kukamata yeye, akawanyonyoa yeye, akawakaanga yeye, halafu akala mume. Usiniulize kwa nini. Mimi niliyekuwa nakula sikuwahi kuuliza. Nikatazama mabenchi. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amekohoa, na kukohoa kwa mzee yule kulikuwa na maana. Na nitasema yote: mayai niliyapenda mno. Mke wangu alifuga kuku sita na mayai yote yaliingia kwangu.

Nikafasiri hivi: "Redio inasema mjamzito ale ashibe. Ndizi, maharage, mboga. Mayai amwachie mwenye nyumba. Mila zetu zisiguswe."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, wakaisifu redio kwamba ina adabu. Koku akainamisha macho, akaondoka. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini siku ile wangu ulivunja mifupa.

Wiki tatu hazikupita, Koku akaanguka kwenye kibanja, shamba lao la migomba na kahawa, akichuma kahawa. Tulimbeba kwa machela mpaka zahanati, mimi nimeshika mti wa mbele, mama mkwe wake, Ma Leokadia, anatufuata nyuma akisali rozari. Midomo ya dada yangu ilikuwa myeupe kama ganda la ndani la ndizi. Mkunga alikuwa mgeni, ametoka mbali, Kihaya hajui. Akamkunjua jicho, akatazama viganja, akasema damu imekwisha, akampa dawa. Kisha akageuka kwa hasira:

"Kwenu hamna redio? Juzi juzi tu wametangaza, mjamzito apewe mayai na kuku. Mnataka na mtoto huyu naye afe?"

Ma Leokadia akanitazama. "Amesema nini?"

Nikajifanya naikunja machela.

"Felisi, nakuuliza. Kwenye redio ulikuwa na maneno mengi, leo umemeza jiwe?"

"Amesema... anahitaji kupumzika."

"Sikusoma, lakini masikio ninayo. 'Mayai' nalijua, ndiyo nauza mnadani. 'Redio' nalijua. Sasa niunganishie hayo mawili mbele ya dada yako."

Koku alikuwa kitandani, macho ameyafungua, ananitazama. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye kitanda kile. Nikawaambia yote.

Nilidhani yule mama atanipiga na nilitamani anipige. Akavuta kiti, akakaa, akanena taratibu kama anayenifundisha kumenya ndizi:

"Kumbe maneno ya serikali yakipita tumboni mwako yanatoka mengine. Sikuchukii kwa kula mayai. Wanaume wote wanakula. Umeniudhi uliposema ni redio. Kama ungesema 'mimi Felisiani nakataza', ningekujibu. Redio nitaijibuje?"

Mwanangu, nimeishi miaka mingi baada ya hapo na sijasikia somo kubwa kuliko hilo.

Jumatano iliyofuata alinipeleka ghalani mwenyewe, nyuma yangu kama askari. Nikasimama nikawafasiria upya kile kipindi, neno kwa neno.

Balozi akakunja uso. "Redio imekuwa na ndimi mbili?"

"Redio ina mmoja, mzee. Mwenye mbili ni mimi."

Ma Leokadia akafungua kitambaa, akatoa mayai mawili ya kuchemsha, akampelekea Koku, aliyekwisha pata nafuu, pale pale kwenye nyasi, mbele za watu. Koku akala. Hakikusikika hata kikohozi. Mzee mmoja tu kule nyuma akanong'ona, "Kesho ataota ndevu."

"Akiota tutamnyoa," Ma Leokadia akamjibu bila kugeuka. "Mtoto akifa, utamfufua wewe?"

Wanawake walicheka mpaka nyasi zikatimka. Koku alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Kuku wangu sita niliwahamishia kwake, na hilo lisihesabiwe kama wema.

Lakini Ma Leokadia hakuishia hapo. Alisema hataki tena kusikia dunia kwa mdomo wangu. Akajiandikisha elimu ya watu wazima, na kwa kuwa walimu walikuwa wachache, waliomfundisha herufi ni wanafunzi wa shule ya msingi, vitoto vya umri wa wajukuu zake. Watu walimcheka. Mimi nilimwonea huruma, halafu wivu, na mwishoni nikaketi naye benchi moja. Herufi za darasa la tatu nilikuwa nimezisahau; kuandika huku nilikujulia hapo. Mwaka ule ule, nikiwa katikati ya kufasiri, akanyoosha kidole: "Felisi, umeruka neno." Na kweli nilikuwa nimeruka. Mungu amweke pema mama yule. Namshukuru kwa kunitia aibu mapema, na nawashukuru wale watoto wenye chaki mikononi, walioniondoa katikati ya mashine na watu.

Basi, wewe unayefundishwa mambo haya ungali mdogo, jifunze kwa bidii, usiogope. Ile mashine yenu ina bahati, inasikia swali na inajibu. Ila nayo imelishwa maneno na watu, na watu wana matumbo. Ikikujibu, mwulize pia mwalimu, mwulize mkunga, mwulize mkulima mwenye kibanja kizuri. Kuuliza si ujinga. Ukiwapelekea wazazi ilichosema, wafikishie chote, hata kile kisichokufaa wewe. Na yakiwa ni mawazo yako, sema ni yako. Usijifiche nyuma ya mashine ambayo mama yako hawezi kuijibu. Kisha mketishe huyo mama karibu, mwonyeshe pa kubonyeza, aulize kwa kinywa chake. Asipokuhitaji tena, ujue umemfundisha.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kichwa chepesi na ulimi mzito kwa uongo. Walimu wako wasichoke, umeme usiwakatikie, na usikose maishani mtu mmoja wa kukwambia umeruka neno. Kasinge waitu, asante kwa kunisikiliza.