Herufi za Fundi wa Vibao

Fundi wa vibao wa Ukunda hupangusia brashi kwenye paja la suruali, kisha huinamisha kichwa mpaka sikio likaribie bega. Ukutani amebandika picha ya jumba la Ulaya lililojengwa makusudi kama linaloanguka, aliyoikata kwenye jarida lililoachwa na mgeni hotelini Diani. Tangu hapo herufi zake zote zinapepesuka. Mumbe alimletea msalaba wa kaburi la mumewe huku akimhubiria kuhusu unyoofu. "Jina la marehemu lisimame wima, fundi. Hiki si kibao cha kinyozi."

"Litasimama, mama. Pole kwa msiba."

Aliporudi, jina lilikuwa wima kama mlingoti, wala halikufanana na mumewe hata kidogo. Marehemu alijenga nyumba yao kwa kukadiria kwa jicho, ikaegemea upande wa jikoni, na Mumbe akaiombea kila asubuhi inyooke. Mvua za El Nino zilipita, nyumba ikabaki vilevile. Mumbe, mhubiri wa mambo yaliyonyooka, akacheka peke yake, machozi yakimtiririka.

"Fundi, lifute uliandike upya, liiname kidogo."

Fundi akachovya brashi, akainamisha kichwa. "Upande gani, mama?"

"Wa jikoni," alijibu Mumbe, kana kwamba fundi aliwahi kula kwake.