Nilitengeneza meza ya sebuleni yenye drafti, wifi akaifunika kitambaa

Wakuu, habari za humu ndani. Mlionizidi umri shikamooni. Nyie wadogo zangu najua salamu hamna, mmekuja kusoma tu.

Haya yametokea kwangu, hapa Kahama. Mimi ni mtu wa rozari, uongo nimewaachia madalali wa viwanja.

Mume wangu, Baba Kulwa, amechimba dhahabu tangu kabla hatujaoana. Mwaka juzi duara lao, yaani lile shimo wanalochimba, liliporomoka huko upande wa Masumbwe. Yeye alikuwa juu anavuta kamba. Mwenzake alikuwa chini.

Tulimzika.

Baba Kulwa akaapa mbele ya padri kwamba hashuki tena. Tukafungua genge la mchele, maisha yakaenda.

Sasa shida ikawa alasiri. Biashara ikipoa tu, huyo, kijiweni karibu na makarasha ya kusagia mawe, kucheza drafti. Drafti yenyewe imechorwa kwenye boksi, kete ni vizibo vya soda. Sina neno na drafti, nina neno na Masanja.

Masanja ni msimamizi wa duara. Kucheza hajui, mdomo anao. Kila akiliwa kete anamwambia mume wangu, "Baba Kulwa, mkono huo ni wa kuvunja mwamba, wewe unapimia watu mchele kama mjane!" Kijiwe kizima kinacheka. Na mume wangu naye anacheka, lakini akirudi nyumbani hali vizuri.

Nikajua huyu wanamrudisha shimoni taratibu.

Mimi sio mke wa kwenda kumfuata mwanaume kijiweni nimejifunga kanga kiunoni. Nikasema kama ni drafti, itahamia nyumbani. Nataka meza ya sebuleni, ile ya katikati ya makochi, yenye drafti humo humo kwenye mbao.

Nikaenda kwa fundi mmoja maarufu, yule anayeposti makochi yake mtandaoni na muziki juu.

"Mayu, drafti sebuleni?" akaniambia, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. "Hapo weka kioo na maua. Ukitaka sana nakubandikia stika."

Stika! Mtu ana randa, ana patasi, ana vijana wawili wa kumfagilia, anauza stika. Halafu ndio mnaita fundi.

Nikamwambia baki na stika zako, nitatengeneza mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa. Hajui kuwa naenda darasa la jioni la watu wazima, na useremala tunafundishwa.

Kwa wanaotaka kujua nilivyofanya: nilichukua mninga kwa weusi na paini kwa weupe. Nikachana vipande virefu vyembamba, nikavigandisha na gundi, cheusi cheupe, cheusi cheupe. Ikikauka unaikata kwa upande wa pili, halafu kila kipande cha pili unakigeuza kichwa chini, unagandisha tena. Vyumba vya drafti vinajitokeza vyenyewe. Kisha unachimba uso wa meza kwa patasi, unailaza drafti humo mpaka iwe sawa na meza, kidole kikipita kisijikwae. Pembeni niliacha upenyo kidogo sana, nikaufunika na ukingo, maana mbao masika hunenepa.

Msasa, vanishi, basi. Kete nilikata mpini wa ufagio, nusu nikazipaka rangi ya viatu.

Wakuu, ile meza ilikuwa nzuri. Baba Kulwa aliipapasa kama anapapasa ndama.

Ndipo akaingia wifi yangu, dada yake mume.

Huyu wifi ni wa wale ambao kila kitu nyumbani lazima kivae, na sebule yangu alishaivalisha zamani. Redio inavaa kitambaa, kochi linavaa kitambaa, jagi la maji linavaa kitambaa. Sijui bado nini, labda jogoo. Alipoona drafti akashika kifua. "Wifi! Mgeni akiingia aseme humu wanacheza kamari?" Kesho yake akaleta kitambaa kikubwa cheupe alichodarizi mwenyewe, akakitandaza, katikati akasimamisha maua ya plastiki.

Baba Kulwa akaangalia. Kitambaa cha dada yake atakitoa vipi? Akavaa kandambili, akarudi kijiweni.

Ikafika Ijumaa, akaniambia huku anaangalia chini, "Jumatatu Masanja ananipitia. Nashuka mara moja tu."

Mara moja tu! Hata yule tuliyemzika, siku ile alishuka mara moja tu.

Sikupiga kelele. Nikasali, nikalala.

Jumamosi jumuiya ilikuwa inasali kwangu. Wifi akawahi kuja kunyoosha kitambaa chake. Nikakivuta chote na maua yake, nikamkabidhi.

"Wifi, watu wanakuja kusali!"

"Wanakuja kusali kwa Mungu. Kitambaa hakijatualika."

Akanuna rozari nzima.

Tulipomaliza, chai ikapita. Mwenyekiti wetu wa jumuiya ni mama mmoja mnene, muuza dagaa kutoka Chato. Akaitazama meza, akasukuma kikombe pembeni. "Baba Kulwa, kete ziko wapi?"

Mume wangu akadhani utani.

Akafungwa. Akafungwa tena. Wanajumuiya wamezunguka, mmoja anamwambia "baba, huyo anakuparua kama sato!" Yule mama anaondoka na rozari yake mkononi anasema, "Kesho baada ya misa nakuja, andaa machozi." Wifi yangu huyo huyo, aliyeshika kifua, alikuwa ameshakaa upande wa kaka yake anamwonyesha pa kusukuma kete!

Jumatatu asubuhi pikipiki ikapiga honi nje. Mimi nilikuwa jikoni, mwiko mkononi.

"Baba Kulwa, twende!"

"Siendi."

"Umefungwa kamba na mkeo?"

"Nipo kwangu, Masanja. Ukitaka drafti jioni, ingia. Ukitaka mtu wa kushuka, shuka mwenyewe."

Honi ikapigwa tena mara kadhaa, kama mtoto anayelilia ziwa. Halafu pikipiki ikaondoka.

Baadaye nikamuuliza kilichombadilisha. Akasema, "Mama Kulwa, kule sikuwa namfuata Masanja. Humu ndani nilikuwa nakaa kama mgeni, naogopa kuchafua vitambaa. Kule nilikuwa nakaa kama mtu."

Mnaonielewa mmeelewa.

Tunapamba sebule kwa ajili ya mgeni ambaye akija anakunywa soda moja anaondoka, na mwenye nyumba tunamwachia benchi la kijiweni. Halafu akipotea tunafunga novena. Mungu anasikia, sikatai, ila hatakuja kukutolea kitambaa mezani.

Haya, semeni. Kwenu sebule ni ya nani? Na wewe mwanaume utakayekuja kuniambia drafti ni kamari, anza kwa kututajia jana jioni ulikuwa umekaa wapi.